Dada Yetu Redio, Muuguzi Aliyewaangalia Wauguzi Wenzake

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wauguzi mliokuja moja kwa moja kutoka kazini bila kubadili sare, familia imenituma mimi nisome maisha ya dada yetu, kwa kuwa ndimi niliyezaliwa nikimfuata na kumwachisha ziwa, na tangu utoto wetu hatukuwahi kukaa muda mrefu bila kugombana na kupatana. Mimi ni seremala, kusoma mbele za watu sikuzoea, sauti ikinikatika naomba mnisubiri.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1969, mtoto wa pili katika familia ya watoto watano, baba yetu akiwa mpiga chapa wa magazeti na mama yetu mshonaji wa sare za shule, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana ukuta na ghala la mbao, na mama husema kwamba alipolia mara ya kwanza wapakiaji wa ghalani waliweka mizigo chini wakauliza kuna nini. Alianza kuongea kabla ya kutembea, akila anaongea, akioga anaongea, akitumwa chumvi anarudi na habari za mtaa mzima na chumvi ameisahau dukani, basi baba akamwita Redio, na jina hilo likamganda, hata wengi wenu mliopo hapa hamjui kwamba ana jina jingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1976, akawa mwanafunzi wa katikati, hesabu zikimpiga chenga kila muhula, lakini walimu walimkumbuka kwa jambo moja, kwamba akiwa darasa la nne mwenzao mmoja alianguka kifafa, watoto wote wakakimbilia nje, na mwalimu aliporudi alimkuta Redio amekaa sakafuni, amekilaza kichwa cha mwenzake kwenye mapaja yake, anamwongelesha. Mwalimu akamuuliza unamwambia nini mtu asiyesikia, naye akajibu, "Namweleza nani yupo na nani kakimbia, akiamka asije akaona mageni." Alimaliza sekondari mwaka 1986, mwaka uliofuata akaingia chuo cha uuguzi, akahitimu mwaka 1990, na chuoni huko ndiko alikokutana na rafiki yake wa maisha, ambaye kwa ajili ya doa lililo shavuni mwake sote tunamwita Kidoti, wakapangiwa hospitali moja na wodi moja, wodi ya watoto wachanga.

Katika wodi hiyo alifanya kazi maisha yake yote, akakataa mara kadhaa kupelekwa ofisini, akisema ofisini hakuna wa kuongea naye. Alikuwa akiwalisha watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya wakati, kwa mrija mwembamba, akiwafundisha akina mama kuwabeba kifuani ngozi kwa ngozi, na mama aliyeogopa kumgusa mwanawe kwa udogo wake alikuwa akimshika mkono na kuuongoza taratibu hadi mgongoni mwa mtoto, huku akimwambia, "Mguse, huyu si yai, huyu ni mtu na ana hasira zake."

Tarehe 12 Desemba 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, aliyekwenda wodini kutengeneza soketi moja, na kwa maneno yake mwenyewe, kabla hajafungua skrubu ya kwanza alikuwa ameshapewa habari za hospitali nzima, akaona heri habari zilizobaki akazisikilizie nyumbani. Mungu aliwajalia watoto watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja, na mjukuu mmoja ambaye ameanza kutambaa wiki hizi.

Sasa nitaeleza jambo ambalo yeye mwenyewe aliomba lisemwe siku kama ya leo, maana alijua watakuwepo wauguzi wengi. Mwaka 2018 wodi ilifurika, wauguzi walikuwa wachache, watoto wakilazwa wawiliwawili, na Kidoti akaanza kubadilika, kwanza kuchelewa, kisha kusahau, kisha kuacha kula na wenzake, watu wakimwambia jikaze, wewe ni muuguzi, na dada yetu akiwa mmojawapo wa waliomwambia hivyo. Asubuhi moja walimkuta Kidoti kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amevaa kiatu kimoja, kingine amekishika mkononi, na hakuweza kukivaa. Alirudishwa nyumbani akiwa anaumwa sonona, ile huzuni isiyopisha hata usingizi, akaandika barua ya kuacha kazi, akajifungia.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya dada yetu kuyumba. Kulikuwa na mtoto njiti aliyekuwa akiongezeka vizuri, mama yake ameshaanza kuulizia siku ya kwenda nyumbani, mtoto akapata maambukizi ya damu, akafariki mikononi mwa dada. Shemeji alinipigia simu, hakusalimu, alisema tu, "Shemeji, njoo, dada yako amenyamaza." Nilimkuta jikoni, ameshika kisu na kitunguu, kitunguu hakimenywi, nikakaa, naye akasema, "Nimeua mtoto wa watu." Nikamuuliza kama madaktari wamesema hivyo, akasema, "Hawajasema. Nasema mimi." Nilizoea kumwomba dada yangu anyamaze tangu tukiwa wadogo, na siku hiyo nilitafuta la kumfanya aongee nikalikosa.

Siku hizo hospitali ilikuwa imejiunga na mafunzo ya mtandaoni kwa ajili ya wauguzi, yaliyotengenezwa kuzuia sonona kabla haijamwangusha mtu, kwa tiba ya kurekebisha fikra na mwenendo. Dada alipoletewa habari hiyo alicheka kwa dharau, akasema, "Simu hii hii inayoniita kazini siku ya mapumziko, ndiyo leo iwe daktari wangu?" Binti yake mkubwa hakubishana naye, alichukua simu, akamwandikisha, akamwekea somo la kwanza, akakaa mlangoni hadi lilipokwisha.

Kila wiki lilikuja somo jipya na mazoezi, na mwanasaikolojia ambaye hawajawahi kuonana, dada akimwita Daktari wa Kwenye Kioo, alikuwa akisoma majibu yake na kumjibu. Nilimuuliza anafundishwa nini, akanieleza kwa lugha ya kwetu, kwamba wazo baya likija hulifukuzi wala huliamini, unalipatia kiti, unaliuliza umetoka wapi na shahidi wako nani, kisha unainuka na kufanya kitu kimoja ulichokiacha, hata kama hukitaki, hata kama ni kuchana nywele tu. Somo lililomgeuza lilimtaka aandike angemwambia nini muuguzi mwenzake aliyefiwa na mtoto kwenye zamu, naye akaandika maneno mengi ya huruma, haraka haraka kama kawaida yake, alipomaliza akaulizwa kwa nini maneno hayo hajawahi kujiambia mwenyewe, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mtoto yule afe. Hakupona siku ile. Lakini kesho yake alimenya vitunguu, akamlalamikia shemeji kwa jambo dogo lisilo na maana, na shemeji akatoka nje kunitumia ujumbe kwamba ameanza tena.

Kuanzia hapo akawa hatulii, akakusanya wauguzi kwenye stoo ya mashuka, kwa kuwa huko ndiko mtandao ulikokamata, wakifanya masomo pamoja huku wamekalia mafurushi. Wapo walioacha njiani, wapo waliosema hayakuwasaidia, naye hakuficha hilo, na aliyemwona ameshazama alimshika mkono akampeleka kliniki ya afya ya akili, akisema somo hili ni la kuzuia, aliyekwisha kuanguka anahitaji daktari. Alikwenda kwa viongozi wake kuomba masomo yafanyike ndani ya saa za kazi, akawaambia, "Mnatupa dawa ya roho halafu mnataka tuimeze wakati roho imeshalala?" na walipoanza kuyasifu mafunzo akawakumbusha kwamba wauguzi bado ni wachache, na kwamba simu haibebi mtoto. Saa za kazi walimpa. Wauguzi wa kuongeza alikufa akiwasubiri.

Na kila Jumamosi alikwenda kwa Kidoti. Kwa miezi mingi mlango haukufunguliwa, basi alikaa kizingitini na kuongea na mbao, akimwomba radhi kwa lile neno jikaze, akimpa habari za wodi, nani kazaa, nani kachumbiwa, mpaka siku moja sauti ikatoka ndani ikasema, "Ingia basi, majirani wamechoka na wewe." Walikwenda pamoja kwa daktari, Kidoti akatumia dawa, na alipopata nafuu naye akachukua masomo yale ili asirudi shimoni, ila aliapa kwamba mgonjwa hatamgusa tena, na dada hakumlazimisha.

Mwezi wa Agosti mwaka jana dada alianza kuumwa mgongo na kupungua, nasi tukamsifu kwamba amependeza, hadi muuguzi mwenzake alipomgeuza uso kuelekea dirishani akaona macho yamekuwa ya manjano. Ilikuwa kansa ya kongosho, imeshasambaa. Alitibiwa, na mwezi wa Novemba madaktari walituambia ukweli, naye akaomba arudishwe nyumbani.

Siku ya tatu baada ya kurudi, Kidoti alifika na begi lake, hakuitwa na mtu, akavua viatu mlangoni, akanawa mikono hadi kwenye viwiko kama wanavyonawa wodini, akaingia chumbani akamwambia, "Geuka nikuone mgongo." Tangu siku hiyo ndiye aliyemwosha, aliyemgeuza, aliyemlisha kwa kijiko.

Nisiseme uongo mbele ya jeneza lake, dada yetu aliogopa kufa. Mchana mmoja aliniambia, "Naogopa," nikafungua kinywa nimwambie asiogope, akaniwahi, "Usinijibu. Kaa tu." Nikakaa. Baadaye, kwa sauti ambayo ilibidi niiname kuisikia, alisema masomo yale hayafukuzi kifo, lakini lile wazo kwamba anatuacha bila mtu amelidai shahidi, na shahidi hajaonekana, kwa sababu kila akifumbua macho chumba kimejaa.

Alifariki Jumamosi asubuhi, tarehe 3 Februari 2024, shemeji akiwa upande mmoja na Kidoti upande mwingine. Kidoti alimfumba macho, akamnyoosha mikono, akamfunika vizuri, ndipo akatoka uani akalia kwa sauti kubwa, na sisi tukatoka tukalia naye.

Familia inawashukuru madaktari waliomtibu na waliotuambia ukweli bila kutuzungusha, wauguzi waliokuja kumsuka nywele baada ya zamu zao, majirani waliopika na kufua bila kuulizwa, na yule mwanasaikolojia ambaye hakuwahi kumwona uso kwa uso lakini ametuma salamu za pole ndefu kuliko zote. Nawe Kidoti, sikia: shemeji na watoto wameniambia nikwambie kwamba nyumba ile ni yako, na begi lako lisitoke. Mama yetu yupo hapa mbele, amemzika mume na leo anamzika mwanawe, nawaomba tukitoka hapa mtu asimwambie anyamaze.

Dada, tumekufikisha mahali ambapo hatuwezi kuingia nawe. Mwenyezi Mungu akupokee kwa mikono kama ile uliyowapokelea watoto wa wenzio. Upumzike, mtoto wa mama yangu, upumzike kwa amani.