Waya wa Buluu Nyuma ya Kioo

VALDETE: Haloo! Dirceu! Haloo!

DIRCEU: Nani mwenzangu? Sauti inakwaruza—

VALDETE: Valdete, mke wa kaka yako! Niko kiwandani. Msumeno umemkamata mume wangu Amarildo!

DIRCEU: Shemeji, taratibu—

VALDETE: Taratibu nini! Aliingia kusafisha meno ya msumeno, ukawaka wenyewe. Mkono uko chini ya gogo. Damu imejaa viatuni mwangu!

DIRCEU: Hauwezi kuwaka wenyewe.

VALDETE: Kioo cha mashine kimeandika: "Anza. Amri ya Dirceu." [chuma kinalia] Huo tena! Umesogea kiganja kizima!

DIRCEU: Kitufe chekundu!

VALDETE: Nabonyeza, unasimama. Kisha amri yako inauwasha.

DIRCEU: Zima umeme!

VALDETE: Umeme ndio unaoshikilia gogo! Likishuka linampasua kifua. Umefanya nini, wewe?

DIRCEU: Umesema amri yangu?

VALDETE: Sema!

DIRCEU: Jaboti... lugha ya kuamrisha mashine niliyoitunga. Miaka tisa ilikuwa inaamrisha mashine iliyo mbele yake tu. Jana nikaiunganisha na mtandao. Leo asubuhi nikaiweka kwenye msumeno wenu.

VALDETE: Bila kumwambia mtu?

DIRCEU: Nilikuwa naijaribu hapa nyumbani. Nikaliacha jaribio lijirudie, nikaenda kula. Kila nusu dakika linasema "anza" kwa mashine yoyote inayojibu. Nilidhani itajibu kompyuta yangu peke yake. Sikufunga mlango wa mtandao, shemeji.

VALDETE: Lizime, mshenzi!

DIRCEU: [vibonye vinagongwa] Nimezima. Limekufa. Basi.

VALDETE: [anahema] Kweli?

DIRCEU: Kweli. Yuko hai?

VALDETE: Anasema nikwambie wewe ni mbwa.

DIRCEU: Mwambie ndiyo, ni—

VALDETE: Umewaka! Dirceu, umewaka! Amarildo! Kidole kimeruka!

DIRCEU: Mungu wangu. Mtandao wenu mbovu, amri zilizokwama njiani zinaendelea kufika.

VALDETE: Ngapi?

DIRCEU: Sijui! Nimekula saa nzima! Una shoka?

VALDETE: Ninalo.

DIRCEU: Nyuma ya kioo, waya wa buluu, ndio wa mtandao. Ukate.

VALDETE: Simu hii inapita waya huo huo. Huku msituni hakuna mnara.

DIRCEU: Najua.

VALDETE: Hutajua kama amepona.

DIRCEU: Kata!

VALDETE: Ngoja, sikia. Kaka zangu wamesoma kile kioo. Wameondoka na lori, wana mapanga, wanakuja kwako. Tokea mlango wa nyuma, ukimbie—

DIRCEU: Lori lina redio ya kuongea na kiwanda?

VALDETE: Linayo, lakini—

DIRCEU: Basi wao ndio watakaoniletea habari zake. Mlango nauacha wazi.

VALDETE: Watakuua, Dirceu!

DIRCEU: Kata waya, shemeji! Nusu dakika inaisha, ka—