Ndoo ya Mama Deki na Chumba cha Nyuma ya Stoo

Mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu na wazazi wetu,

Jumatatu moja, wiki tano zilizopita, sisi wanafunzi wa upimaji ardhi tulisimama koridoni hadi saa tatu tukimsubiri Mama Deki, mfanyakazi wa usafi, atupeleke darasani. Hakuja. Alikuwa amefariki hospitalini alfajiri, binti yake akiwa amemshika mkono. Tunakukaribisha kwa habari hiyo kwa sababu yeye ndiye angekupokea. Tumesikia umepotea ukazungukia jikoni kabla ya kufika hapa ukumbini. Pole sana.

Historia fupi

Majengo ya chuo hiki yaliongezwa kila palipopatikana nafasi, ndiyo maana chumba namba tisa kiko kati ya namba mbili na namba kumi na nne. Wiki ya kwanza tulihudhuria somo la ukunga siku tatu mfululizo, tukiandika kila neno, na mwalimu wao akatusifu kwa utulivu. Aliyetutoa huko ni Mama Deki. Alitangulia na ndoo yake, sisi nyuma kama vifaranga, akiuliza nani hajanywa chai.

Binti yake ni mwenzetu darasani. Tunamwita Rula, kwa kuwa mistari yake hainyooki hata akitumia rula. Alikuwa akitembea wa mwisho kabisa, amejifanya hamjui mama. Aliona haya. Mama naye alimwita "mwanafunzi" kama sisi wote, ila kila kona aligeuka kutazama kama wa mwisho yupo. Tulidhani anatuhesabu. Kwamba ni mama yake, Rula alitueleza baada ya mazishi.

Mafanikio

Tumechora ramani ya chuo. Ya kwanza iliweka ofisi ya mkuu wa chuo ndani ya tangi la maji. Tulipima upya mara nne, na kila mara ofisi ilihamia kwingine. Siku moja ilivuka barabara. Mwalimu akauliza alama yetu ya kuanzia kupima ni ipi. Tukasema ni ndoo ya Mama Deki, maana haikosekani koridoni. Mwalimu akatafuta kiti. Mama Deki alicheka hadi akaegemea ukuta.

"Wanangu, mnapima chuo au mnanipima mimi?"

Ramani ya sasa ni sahihi. Ndoo haijasogea tangu Jumatatu ile.

Changamoto

Rula alikuwa akiishi na mama yake katika chumba kimoja nyuma ya stoo, ambacho ni cha wafanyakazi. Wiki iliyopita alipewa barua ya kuhama. Mabweni yamejaa. Alituambia atarudi kwa shangazi yake, safari ya siku mbili, na masomo atamalizia siku nyingine. Tulimuuliza siku gani. Akaanza kuchonga penseli iliyokwisha kuchongwa, akachonga mpaka kikabaki kifutio.

Maombi

Tulikuwa na maombi kumi na moja, yakiwemo feni na kiti chenye miguu minne. Tumefuta kumi. Tunaomba Rula aachiwe chumba kile hadi amalize, yaani miaka miwili. Korido tutadeki sisi kwa zamu, kwa ndoo nyingine. Tumeshaanza, na wote walioteleza asubuhi hii watusamehe, bado tunajifunza kukamua tambara.

Yeye hajui kama jambo hili limo humu. Tumemtuma akachemshe chai ya wageni, na kwa kuwa anapotea kama sisi, tulijua tutapata muda wa kutosha. Akirudi na birika, mheshimiwa, tafadhali usimtazame sana. Mwambie tu chai ni nzuri, hata kama si nzuri.

Mungu akupe afya, akufikishe nyumbani salama, na kwanza akuonyeshe geti.

Ni sisi, wanafunzi thelathini na wanne wa mwaka wa kwanza, Upimaji Ardhi.

Kitasa cha chumba kinabadilishwa Ijumaa, saa nne asubuhi.