Nelda Ratliff Sizemore, Muuguzi wa Tolliver Fork, na Mtihani wa Jumanne

Nelda Ratliff Sizemore alizaliwa tarehe 11 Machi 1954 nyumbani kwa wazazi wake, Tolliver Fork, Kaunti ya Brannon, mashariki ya Kentucky. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Ples Ratliff, mchimbaji wa makaa ya mawe, na marehemu mkewe Oma. Cheti chake cha kuzaliwa kilisema tarehe 12, kwa kuwa mkunga alipitiwa, na Nelda aliziandikia ofisi za jimbo barua kwa miaka kumi na minne mpaka siku hiyo moja ikarekebishwa. Jambo hili linatajwa mapema ili waombolezaji wakumbuke walikuwa wakishughulika na mtu wa namna gani.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja ya hapa bondeni, kisha sekondari ya kaunti, aliyomaliza mwaka 1972. Alikwenda Lexington kusomea uuguzi na kusajiliwa mwaka 1975. Shahada ya kwanza aliipata 1988, na ya uzamili 1996, zote akiwa anafanya zamu za hospitali na kulea watoto wawili. Mwezi Februari 1997 alifaulu mtihani wa taifa na kuwa muuguzi mtabibu wa familia, yaani muuguzi mwenye ruhusa ya kumpima mgonjwa, kuutaja ugonjwa na kuandika dawa. Cheti hicho huhuishwa kila baada ya miaka mitano. Alikihuisha mara tano, na hakuwahi kungoja mwezi wa mwisho. Mdogo wake Imogene, aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma, alifundisha shule miaka thelathini na moja na hakumbuki kuwasilisha fomu yoyote kwa wakati. Dada yake hakuacha kumkumbusha.

Tarehe 18 Juni 1977 alifunga ndoa na Delbert Sizemore katika kanisa hili hili la Wabaptisti. Walifahamiana wodini, Delbert alipolazwa na mguu uliovunjika mgodini. Siku ya pili akamposa. Nelda aliangalia chati kitandani, akamwambia, "Umepewa dawa ya maumivu saa mbili zilizopita. Niulize tena ikiisha nguvu." Delbert aliuliza tena jioni, akitokwa jasho kwa maumivu, na akakubaliwa. Mungu aliwajalia Rhoda na Wendell.

Zahanati ya Tolliver Fork aliifungua Jumatatu tarehe 5 Oktoba 1998, katika jengo la posta ya zamani. Ilikuwa wazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na Alhamisi hadi saa mbili usiku kwa ajili ya watu wa zamu ya mgodini. Alitibu sukari, presha, mapafu ya wachimbaji, vikohozi vya watoto, na vidole vilivyokatwa kwa misumeno ambavyo wenyewe walidai ni mikwaruzo tu. Alihudumia watu kama ishirini kwa siku. Hospitali ya karibu iko kilomita sitini na nne, na barabara kila mtu hapa anaijua.

Vyeti vyake vilitundikwa ukutani kwa urefu wa macho ya mtu aliyekaa, si aliyesimama. Alisema mgonjwa anayesubiri ana haki ya kusoma ni nani atakayemgusa. Hata hivyo hakuna aliyevisoma. Watu walimwita daktari, naye alikataa kila mara. Mzee Hobert Napier, aliyekuwa akija kila mwezi kwa ajili ya presha, aliwahi kumkasirikia.

"Daktari, mgongo unaniuma."

"Mimi si daktari, Mzee Hobert. Ni muuguzi mtabibu wa familia."

"Unanipima?"

"Nakupima."

"Unaniandikia dawa?"

"Nakuandikia."

"Unanigombeza nikila nyama ya nguruwe yenye chumvi?"

"Nakugombeza."

"Sasa yule daktari wa mjini huwa anafanya nini cha zaidi?"

Nelda alifikiri kidogo, akamjibu, "Anachelewa." Mzee Hobert aliendelea kumwita daktari mpaka alipozikwa, mwaka 2016, hatua chache kutoka hapa tulipo.

Mwezi Februari mwaka huu alianza kuwashwa na ngozi, na macho yakawa ya manjano. Alijitoa damu mwenyewe, akaipeleka maabara, akayasoma majibu akiwa amesimama kwenye kaunta, kisha akahudumia wagonjwa tisa waliobaki. Lexington walithibitisha kuwa ni saratani ya kongosho. Daktari bingwa alipomwambia ni vigumu kutaja muda, Nelda alimjibu kwamba yeye amewatajia watu muda kwa miaka ishirini na sita, na kwamba unatamkika bila shida. Akatajiwa miezi minane. Daktari yule hakukosea sana.

Kilichomnyima usingizi hakikuwa kifo. Zahanati hairuhusiwi kufanya kazi bila mtabibu mwenye leseni. Tangu Julai, alipozidiwa, tumekuwa tukiazima mtu kutoka mjini siku mbili kwa wiki, na halmashauri ya zahanati imeandika wazi: asipopatikana wa kudumu kabla ya mwaka kwisha, milango itafungwa. Matangazo ya kazi yametolewa miezi saba. Mwombaji mmoja alifika, akaiangalia barabara, akarudi zake.

Aliyebaki ni Tabitha Noble. Wote mnamjua: ana miaka arobaini na minne, ni mama wa watoto watatu, na ni muuguzi wa zahanati tangu 2009. Nelda ndiye aliyemsukuma arudi shule, na mwezi Mei alipata shahada ya uzamili. Mwezi Julai alifanya mtihani ule ule wa taifa, akaanguka. Mtihani huo huruhusiwa mara mbili tu kwa mwaka. Kwa hiyo ilibaki mara moja, na mara hiyo ndiyo iliyoshikilia zahanati.

Hakuna aliyeelewa kwa nini Tabitha alianguka, maana kazini hakuna anachobabaika nacho. Nelda aligundua akiwa kitandani, mwezi Agosti, alipoanza kumtahini kila jioni. Imogene alikuwapo, akimenya maharage, na alisikia haya.

"Mwanamume wa miaka hamsini na minane," Nelda alisoma. "Ana sukari. Kidonda mguuni, kinanuka, na ana homa. Unafanya nini?"

"Nakisafisha, nampa dawa ya kuanzia, halafu nampigia shemeji yake."

"Shemeji yake katoka wapi?"

"Si ndiye mwenye gari, Dada Nelda? Lakini Jumatano yuko kazini. Kwa hiyo namlaza pale kwetu mpaka Alhamisi, namwangalia."

"Tabitha. Kitabu kimekutajia shemeji?"

"Hapana."

"Jibu ni kumpeleka hospitali leo hii."

"Nani ampeleke?"

"Ana gari. Wagonjwa wote wa mtihani wana gari. Wana bima, wana mke anayesoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa, na ukiwaambia warudi baada ya wiki mbili, wanarudi."

"Basi hao si watu wetu," Tabitha akasema.

"Si wetu. Wewe watibu hivyo hivyo kwa saa nne, mwanangu, kisha rudi huku kwa hawa wasio na gari."

Ndivyo ilivyokuwa kila jioni kwa wiki tisa. Tabitha alikuwa amejibu maswali ya taifa zima kama vile kila mgonjwa anaishi juu ya mlima wa Tolliver Fork. Kumfundisha kuyasahau yale aliyofundishwa na Nelda mwenyewe ilikuwa kazi ya mwisho ya marehemu, na hakuna kazi iliyomuuma kama hiyo. Alilia mara moja, akasingizia dawa.

Jumatano iliyopita alimwita mumewe na mdogo wake. Tabitha alikuwa anaondoka kesho yake kwenda Lexington, kwa binamu yake, kuhudhuria masomo ya marudio kabla ya mtihani wa Jumanne.

"Nikifa kabla ya Jumanne," Nelda alisema, "asiambiwe mpaka atoke kwenye mtihani."

"Dada, huo ni ukatili," Imogene akamwambia.

"Ndiyo, ni ukatili. Andika, usije ukasahau kama kawaida yako."

"Hatakusamehe. Wala sisi hatatusamehe."

"Anichukie akiwa na leseni."

Delbert aliuliza, "Na akinipigia mimi?"

"Mwambie nimelala."

Alifariki dunia nyumbani kwake Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2024, saa kumi na dakika ishirini alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini. Delbert alikuwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho lililosikika vizuri lilikuwa swali, usiku wa Ijumaa: "Amefaulu?" Delbert alimjibu bado, ni Jumanne.

Tunawashukuru watu wa redio ya kaunti, ambao kila asubuhi husoma majina ya waliofariki na safari hii walikubali kuliruka moja. Tunaishukuru nyumba ya mazishi kwa kutoweka tangazo mtandaoni, na mama yake Tabitha, na watoto wake, ambao wamebeba jambo hili siku tatu na wanakaa safu ya pili. Delbert Sizemore, shemasi wa kanisa hili, ambaye katika miaka arobaini na saba ya ndoa hakujulikana kusema uongo, alipokea simu ya Tabitha Jumamosi jioni akasema amelala. Jumapili akasema amelala. Jana akasema amelala, na wewe mwanangu ukalale. Alipokata simu alitoka akakaa kibarazani peke yake mpaka chakula kikapoa. Imogene anasimama mbele yenu bila kujua kama tumetenda haki. Anampenda dada yake, na bado ana hasira naye.

Marehemu ameacha mume, Delbert, binti, Rhoda, wa Dayton, Ohio, na mwana, Wendell, wa hapa Tolliver Fork, wajukuu wanne, ndugu watatu, Imogene, Carlos na Vesta, na wagonjwa elfu moja mia mbili na kumi na sita walio kwenye mafaili. Ameacha pia Tabitha Noble, ambaye kwa haki alistahili kukaa safu ya kwanza, na ambaye saa hii, tangu saa tatu asubuhi, amekaa mbele ya kompyuta katika chumba cha mtihani huko Lexington.

Majibu hutolewa pale pale, na atatoka kabla ya saa saba mchana. Baada ya kaburi, chakula kitakuwa ukumbini chini ya kanisa. Tunaomba mtu yeyote asimpigie wala kumwandikia. Atapiga yeye, na atauliza kama Nelda ameamka.

Apumzike, amefanya zamu ndefu. Na simu ya Delbert ikilia, tafadhalini wekeni vijiko chini, mnyamaze, mpeni nafasi mzee wa watu aseme ukweli.