Mfuko wa Askari Ukweni

Kamyo, lori la abiria, ilipotoka Kasongo kuelekea Kabambare, mbele yangu alikaa Faradji, amekumbatia mfuko wa mgongoni wa kijeshi, aliouazima kwa kaka yake askari. Alimweleza mama muuza chumvi aliyekaa kando yake kwamba anakwenda kumwomba mkewe arudi nyumbani.

Mama akacheka. "Shemeji, unaenda kuomba bibi ama kukamata watu wenye hawakulima pamba ya serikali? Kwetu kule wakiona mufuko ya namna hii, wote wanakimbia mu pori."

"Mama, mvua iko karibu. Ndani muko kitenge ya mama mukwe, na mufuko hii hailowi."

"Kitenge itakauka. Mukwe akikimbia, utamupatia nani? Kamata kitunga yangu, tia kitenge ndani."

"Kitunga? Wataniona masikini!"

"Masikini wanamupatia kiti."

Mimi, niliyemaliza shule juzi tu, nilitaka kumwambia mama huyo kwamba moyo safi huonekana hata mtu akibeba nini. Lakini hata mimi nilikuwa nimesogeza miguu mbali na mfuko ule.

Kamyo ikasimama kijijini kwa wakwe zake Faradji. Alikuwa amepokea kitunga, lakini bado ameshika vyote viwili, mfuko na kitunga, na mlango wa nyumba ya kwanza ulikuwa unafungwa.