Viti vya Matrida Kasmiri wa Nyakato

Tumekuja kumsindikiza Matrida Kasmiri Magige, mjane wa Mwalimu Felisiani Wambura, mama wa Robi na Brian, mwenye biashara ya kukodisha viti na maturubai pale Nyakato, Musoma. Mimi ni Naomi. Yeye ndiye dada yangu aliyeniachia ziwa. Ukoo umeniomba niuandike wasifu huu kwa upole, nami nimejitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 kijijini Guta, Bunda, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Kasmiri Magige na mama Esther, wakulima wa pamba. Mama alikuwa akitusimulia kwamba Matrida hakutambaa. Alisota kwa makalio mpaka alipojua kutembea, na baba akamchongea kigoda chake mwenyewe ili asimalize magauni. Alikikalia kwa madaha kama mwenyekiti wa kijiji. Lakini akiingia mgeni, alishuka na kukisukuma mpaka miguuni pa mgeni huyo, hata kama ni mtu mzima asiyeweza kuenea.

Alisoma shule ya msingi huko huko Guta kuanzia 1984 hadi 1990, akaendelea na sekondari ya bweni mjini Musoma, na mwaka 1999 alihitimu stashahada ya uhasibu jijini Mwanza. Likizo alirudi nyumbani akiwa amevua viatu na kuvishika mkononi, kwa sababu alijua vitakuja kuwa vyangu. Nilivivaa miaka mingi na soli ilikuwa bado nzima.

Mwaka 2000 aliajiriwa na kampuni moja ya bima, Mwanza. Mwaka 2006 alihamishiwa tawi la Musoma, ambako alipanda hadi kuwa mkuu wa kitengo cha madai. Alivaa suti, alikaa kwenye kiyoyozi, na sisi nyumbani tulitembea vifua mbele. Kazi yake ilikuwa kupokea wafiwa waliokuja na vyeti vya kifo. Mwezi Oktoba 2012 kampuni ilimtuma Suguti kwenye mazishi ya mteja wao, apeleke rambirambi na shada la maua. Alifika jua la saa saba. Pale nyumbani kulikuwa na kiti kimoja tu, akapewa yeye kwa kuwa ametoka ofisini. Mama wa mteja huyo aliyefariki alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta. Dada yangu alitaka kusimama ampishe, wazee wakamkatalia katakata, kwamba mgeni hawezi kukaa chini. Akakaa kwenye kile kiti mpaka mazishi yakaisha, na aliniambia kwamba hajawahi kuona aibu kama ile.

Januari 2013 aliacha kazi. Baba aliumia sana, na simlaumu. Alimuuliza kama alimsomesha ili akabebe viti.

"Ofisini nilikuwaga nafika msiba umeshapoa, baba," dada alimjibu. "Sasa nataka nifike siku ya kwanza."

Alianza na viti vya plastiki vyeupe, maturubai na masufuria, na lori dogo, kenta ya buluu. Siku za mwanzo alivibeba viti akiwa bado na viatu vyake vya ofisini, na watu wa Nyakato wakadhani ni bwana afya wa kike ametumwa na manispaa kuwafungia genge. Alikuwa na taratibu zake na hakuna aliyemtoa kwenye taratibu hizo. Viti vya harusi alivifuata kesho yake asubuhi bila huruma. Viti vya msiba hakuvigusa mpaka wenye msiba waanue tanga, hata kama kuna mteja mwingine anavililia. Na kubwa kuliko zote, kenta yake haikuruhusiwa kusimama mlangoni kwa mtu mgonjwa. Alijua watu wa kwetu wanavyoona. Viti vikitangulia, kuna mtu ameitwa.

Alifunga ndoa na Mwalimu Felisiani katika Kanisa Katoliki, Bunda, tarehe 26 Julai 2003. Yeye alifundisha hesabu, mpole mno, mtu wa kucheka mwenyewe kabla hajamaliza kichekesho chake. Walijaliwa watoto wawili. Mwaka 2017 Mwalimu aliugua ini, na alipoona hali imekuwa mbaya aliomba arudishwe hapa Butiama kwa mama yake, mama Wankyo.

Jumapili ya tarehe 23 Aprili 2017 dada alikuwa Bunda kuchukua viti vya harusi. Simu ikapigwa kwamba mgonjwa anamuulizia. Angeweza kuipitisha kenta Musoma kwanza, ishushe mzigo. Hakufanya hivyo. Alipofika Makutano alimwambia dereva akate kona kuja huku, na kenta ikaingia ndani ya boma hili, imesheheni viti na maturubai, ikasimama mbele ya nyumba alimolala mumewe. Mke gani angekumbuka viti saa ile? Alimshika mkono mpaka asubuhi ya Jumatatu, Mwalimu akakata roho.

Maneno yalianza kabla maji ya kumwosha hayajachemka. Walisema msomi ameacha mshahara ili ale kwenye vifo, na sasa amemtoa mumewe kafara biashara ichangamke. Mama Wankyo, mbele ya ukoo mzima, alisema maneno ambayo dada hakuyasahau: "Viti vilikuja kabla ya msiba. Havitakaliwa hapa."

Siku ya mazishi mvua ilinyesha. Viti vilibaki juu ya kenta, maturubai yamekunjwa, na waombolezaji walikaa kwenye majani yaliyolowa, na mama Wankyo mwenyewe, na magoti yake yale, alikaa kwenye tope pembeni ya kaburi la mwanawe. Dada alikaa chini kama wengine. Baada ya hapo Butiama hakuna aliyemkodi tena, na Bunda wateja walipungua. Wapo waliovikodi kwa harusi na kuvikataa kwa misiba. Aliendelea Nyakato na wachache waliomwamini, akawasomesha watoto, na kila mwaka alileta sukari na vitenge kwa mama mkwe wake. Vilipokelewa na mtoto yeyote aliyekuwa uani. Mwenyewe hakutoka.

Machi 2024 aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alitibiwa Mwanza, akapata nafuu kidogo, kisha ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Sitasema maumivu yake hapa, wanawe wanasikiliza. Wiki zake za mwisho katika hospitali ya Musoma alikuwa na jambo moja tu kichwani, na alilirudia kwangu na kwa watoto.

"Mnipeleke Butiama kwa mume wangu," alisema. "Viti mvipakie nikishaenda. Sio kabla, Naomi. Nikiwa bado napumua, kenta isitoke Nyakato."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliongeza kwamba wakivikataa turudi navyo, tusigombane na mtu. Nikamuuliza sasa vya nini kuvihangaisha viti mpaka huko.

"Nataka yule mama akae," alisema.

Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025. Kesho yake mimi na Robi tulikuja hapa kutoa taarifa na kuomba nafasi ya kaburi. Mama Wankyo alitusikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kuhusu kaburi alisema ni haki yake, karibu na mumewe. Tulipofikia suala la viti alianza kupapasa magoti.

"Siku ya Felisiani nilikaaga kwenye tope," alisema. "Vileteni."

Hatukumdai zaidi. Lakini sitawaficha, ndugu zangu, limenichoma. Dada alilisubiri neno hilo miaka minane, na limekuja akiwa ameshalala chumba cha baridi. Anayehusika najua ananisikia, na sijui niseme nini zaidi ya hilo.

Marehemu ameacha mama mzazi, Esther Kasmiri. Mama mkwe, Wankyo Wambura. Watoto wawili, Robi na Brian. Mimi mdogo wake, na mjukuu mmoja ambaye tayari amepewa kile kigoda cha Guta.

Wasifu huu unachapwa Ijumaa, viti vikiwa bado Nyakato, kwa hiyo naandika nisiyoyaona. Kama unaposikiliza maneno haya umekaa, umekaa kwa dada yangu. Kama umesimama kwa sababu ya yale yaliyosemwa, kiti kipo nyuma yako.

Upumzike kwa amani, Matrida. Viti vyako vitabaki hapa mpaka tanga lianuliwe, kama ulivyotufundisha.