Taiga Mwenye Kiwele wa Dereva Leonidasi

Mzee Leonidasi Harerimana anastaafu tarehe 30 Juni 1978, baada ya kuendesha magari ya hospitali miaka ishirini na miwili, kwanza Kibondo, kisha hapa kwetu Kasulu.

Taiga, yule chui mwenye mistari, tulimjua sote, ila hakuna aliyewahi kumwona. Dukani kwa Bwana Khatibu kulikuwa na betri za tochi za taiga na dawa ya kuchua ya taiga. Timu ya mpira ya mjini nayo ni Taiga, ingawa ikifungwa huitwa majina mengine. Mzee Leonidasi akaona gari la wagonjwa lisibaki nyuma. Akampa Melkiadi, fundi rangi, betri moja aige picha yake ubavuni mwa gari. Kumbe kwenye betri kuna kichwa tu! Kiwiliwili Melkiadi akakitoa kwa mnyama anayemfahamu: akachora ng'ombe mwenye mistari, na kiwele kimejaa.

Mganga Mkuu alipomwona alisema hospitali inaaibika, mchoro ufutwe Jumatatu. Mzee wetu akakosa hata hamu ya kula.

Jumapili hiyo ya mwaka 1974, mvua ikinyesha, alitumwa Munanila kumchukua mama mwenye uchungu wa mimba ya kwanza. Mama huyo ndiye mimi ninayeandika, siku hizi mfanyakazi mwenzake hospitalini. Mtoto alikuwa amelala vibaya, na mkunga alisema bila hospitali tutapotea wote wawili. Kufika mlimani, gari likazama matopeni. Watu waliotoka kanisani walipita pembeni, wakilinda nguo zao. Mzee akateremka, akapiga ubavu wa gari pale penye mchoro, akapaza sauti: "Ndugu zangu, mnamwacha ng'ombe ameanguka?"

Kwetu ng'ombe akianguka, hapiti mtu. Wanaume wakavua viatu, wakasukuma. Bibi mmoja akafoka, "Ng'ombe gani huyu mzito, unamlisha nini?"

"Petroli, mama! Sukuma!"

Nilikuwa kwenye uchungu, na nilicheka.

Pelagia wangu alizaliwa salama jioni ile. Jumatatu Mganga Mkuu alikuja kweli, na Melkiadi, na kopo la rangi. Lakini habari za mlimani zilikuwa zimemfikia; akaagiza kiwele kipakwe upya, kwa kuwa matope yalikuwa yamekichubua.

Mzee Leonidasi, asante sana. Wafanyakazi tumekuchangia mtamba wa ng'ombe. Hana mistari, lakini Pelagia ameahidi kuja kumchora. Akizaa, ukamkamue, unywe, unenepe, na siku zako za kupumzika ziwe tamu.