Mtoto Hajacheza Tangu Mkunya

Juu ya lori la korosho kutoka Newala, Mwalimu Nathanaeli alijifanya anasinzia, kumbe masikio kayatega. Stamili, mjamzito, alisema mtoto tumboni hajacheza tangu walipopita kijiji cha Mkunya. Mkunga wa misheni akatoa kipembe chake cha kusikilizia tumbo.

"Amelala tu," mama mkwe wa Stamili alidakia. "Mimi nilizaa wote bila vipembe."

"Shikamoo yangu uliipokea, Bibi, basi nivumilie," mkunga alisema. " Kwa ngurumo hii moyo wa mtoto siusikii. Dereva azime gari."

"Likizimwa haliwaki!" abiria mmoja akapinga.

Lori lile liliwashwa kwa kusukumwa, na mwalimu alijua kuwa yeye angekuwa miongoni mwa wasukumaji. Hata hivyo akagonga bati la kibanda cha dereva. Lori likasimama, likazimwa.

Mkunga akainama, sikio kwenye kipembe. Abiria wakaanza kunung'unika.

"Nyamazeni!" bibi akafoka, sauti ikimkatika. "Anasikiliza."

Mkunga hakuinua kichwa.